Kurasa Nilizozichana

Binti wa chuo kikuu alikuja darasani kwetu Jumanne moja, mwalimu wa sayansi akiwa bado anafuta ubao. Darasa letu ni la jioni, la watu wazima. Tunakalia madawati ya watoto, magoti yamebanwa chini ya mbao, na kila mmoja ana sababu yake ya kuchelewa kusoma. Kinyozi anayekaa nyuma yangu husema yeye hakuchelewa, ni shule ndiyo iliyowahi.

Binti akaeleza kazi yake. Alikuwa anatafuta watu waliowahi kuhisi, wakiwa katika sala, kwamba kuna aliye pamoja nao. Wanaoamini tu hakuwahitaji, alisema. Aliwataka waliohisi, kwa mwili, kwa sikio, kwa namna yoyote. Alitaka kujua kama jambo la namna hiyo linaweza kuchunguzwa kama tulivyochunguza mbegu za maharage kwenye vikopo mwezi uliopita: unaona, unaandika, unalinganisha, ndipo unasema.

"Sasa dada," kinyozi akauliza, "Mungu utamtia kwenye kikopo cha saizi gani?"

Darasa likacheka. Binti naye akacheka, nikampenda kwa hilo.

"Yeye simgusi," akasema. "Mimi nachunguza watu. Tatizo langu ni kwamba watu hunisimulia baadaye. Jambo limeshatokea, ndipo mtu anasema, 'Aa, mimi nilijulishwa.' Labda ni kweli alijulishwa. Mimi nitajuaje?"

"Ungependa aliyeandika kabla," mwalimu akasema.

"Ningempata huyo, mwalimu, ningembeba mgongoni."

Nikanyoosha mkono. "Mimi ninalo daftari."

"Mama Pasi!" kinyozi akapiga dawati. "Miaka miwili tunaazimana kalamu, na hilo umenificha? Dada, anza kunyoosha mgongo. Huyu mama si mwepesi."

Mama Pasi ni jina walilonipa darasani. Nafanya kazi ya kupiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia kinachohudumia hoteli na hospitali. Mashuka yanapita kwenye mashine ya roli, lakini makoti ya madaktari na mavazi ya wapishi hupigwa kwa mkono, na hiyo ndiyo sehemu yangu kwa mwaka wa thelathini na moja sasa. Joto nalijua. Napitisha nyuma ya kiganja juu ya pasi bila kuigusa, nakwambia iko kwenye moto wa hariri, ulio mdogo, wa pamba, au wa kitani, ulio mkali kuliko yote, na sikosei.

Daftari nalo lina historia yake. Nilijifunza herufi nikiwa na miaka arobaini na minne, kabla ya darasa hili, mezani kwangu jikoni. Aliyenifundisha ni mwanangu wa mwisho. Alikuwa kitindamimba, sote tukamwita Kitinda, na jina la cheti likabaki la shuleni tu. Alikuwa anauza kwenye duka la vifaa vya kuandikia. Siku moja alirudi na daftari la jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi, kona moja imepondeka kwa kuanguka, na tajiri wake alikuwa amesema alichukue tu.

"Haya, Mama. Andika jina lako."

"Jina langu nalijua," nikamwambia. "Nataka kuandika la Mgeni."

Alijua namaanisha nini. Watoto wangu wote wawili walikua wakijua kwamba alfajiri, ninaposali chumbani, mlango usigongwe. Si kila siku, ila mara kwa mara, nikiwa nimepiga magoti na maneno yangu yamekwisha, huja joto nyuma ya shingo, likashuka mabegani, na chumba kikawa na mtu. Simwoni. Najua tu kwamba yupo, kama unavyojua ukiwa umefumba macho kwamba kuna aliyeingia jikoni. Na wakati mwingine huacha neno. Silisikii kwa sikio. Ni kama kukumbuka jina la mtu lililokupotea siku nyingi: hulitafuti, linakuja lenyewe, nawe unajua ndilo. Sikuthubutu kumwita kwa jina kubwa. Nilimwita Mgeni, nikanyamaza.

Basi niliandika. Tarehe, halafu neno. Kila neno kwenye karatasi yake, upande mmoja tu, kwa sababu niliona si adabu neno moja kulalia mgongo wa jingine.

Kitinda alifariki miaka mitano iliyopita, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Baada yake nyumba ilibaki na mimi. Kaka yake, mwanangu wa kwanza, ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake, ananiletea mahitaji kila Jumamosi na kuyaweka mlangoni kama mtu wa kupeleka mizigo. Ndani haingii sana. Niliwahi kumwambia kwamba sikai peke yangu, kwamba Mgeni huja. Akafunga macho. "Mama," akasema, "huyo Mgeni wako ni upweke." Akaondoka.

Neno hilo lilinikaa rohoni. Ndiyo maana nilinyoosha mkono Jumanne ile. Nilitaka mtu aliyesoma, asiye na sababu ya kunifariji, aseme kwamba Mgeni yupo. Akisema yupo, basi miaka hii mitano nimekuwa na mtu. Akisema hayupo, sikutaka kufikiria.

*

Tukawa tunakutana kila Alhamisi, saa moja kabla ya kipindi, darasani kukiwa kutupu. Binti alikuwa mpole, na alikuwa makini kama mtu anayekata kitambaa cha watu. Aliniuliza Mgeni hukaa upande gani, hudumu muda gani, nimekula nini usiku, nimelala saa ngapi, nina ugonjwa wowote wa kichwa. Sikuona vibaya. Kazini ukipewa koti lenye doa, huulizi kwanza ni la nani, unauliza ni doa la nini.

"Joto lenyewe, mama. Nikikwambia moja mpaka kumi?"

"Moja mpaka kumi sijui, mwanangu. Mimi nina hariri, pamba na kitani."

Alicheka, kisha akafikiri, kisha akachora jedwali jipya lenye safu tatu: hariri, pamba, kitani. Nilifurahi kama mtoto kuona kazi yangu imeingia kwenye karatasi za chuo kikuu.

Halafu akaanza kuyafuatilia maneno yenyewe. Lilikuwepo lile la "Mashine ya tatu isiwashwe." Akaenda kiwandani, akakaa na msimamizi wetu, akarudi na habari kwamba kweli nilikataa kuiwasha asubuhi ile, nikagombezwa, na fundi alipoifungua mchana akakuta waya umeungua hadi shaba inaonekana. Lilikuwepo la "Mpigie mwanao," siku mwanangu wa kwanza alipoanguka kwenye ngazi. Lilikuwepo la mwenzangu wa zamu aliyekuwa amefukuzwa: "Jumatatu atarudi." Akarudi Jumatatu. Binti aliwatafuta watu hao mmoja mmoja. Waliokumbuka walikumbuka kama nilivyoandika. Wengine walikuwa wamehama, na hao aliwawekea alama yao.

Wiki ya sita aliweka kalamu chini.

"Mama, una maneno arobaini na moja. Ninayoweza kuyathibitisha ni ishirini na tisa. Yote ishirini na tisa yametokea. Hata moja halijakosea."

Nikamsogelea. "Basi?"

Alikuwa anaangalia daftari, lakini si maandishi. Alilifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mfereji wa pale karatasi zinaposhonwa, juu hadi chini. Akafungua mbele, akarudia. Akaliinua, akalitazama kwa ubavu.

"Hapa kuna gundi."

"Ndiyo, nimegundisha. Daftari la kushonwa ukitoa karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili analegea. Nikawa narudishia na gundi ya wali, isije ikapotea."

"Nani alitoa karatasi?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

Nikamweleza. Nilimweleza bila aibu yoyote, na hilo ndilo linalonishangaza leo. Nilimwambia kwamba sikio la binadamu linaweza kukosea. Wakati mwingine unadhani ni Mgeni, kumbe ni njaa, au hofu yako, au tamaa. Utajuaje? Utajua neno lisipotimia. Mungu hasemi uongo. Kwa hiyo neno lisipotimia halikuwa lake, na kama halikuwa lake halina ruhusa ya kukaa kwenye daftari lake. Nikalichana, nikalichoma jikoni. Kiwandani shuka lenye doa lisilotoka halipelekwi wodini kulala na masafi. Hukatwa likawa matambara.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuhesabu visiki vya karatasi, vile vipande vyembamba vilivyobaki kwenye uzi, akivigusa kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa nahesabu naye kimoyomoyo. Tulifika thelathini na nane.

"Thelathini na nane," akasema.

"Sikujua ni mengi hivyo."

Akaketi vizuri. Niliona anatafuta maneno yasiyokata. "Mama, mimi sisemi hukuhisi. Nimekaa na wewe wiki sita, naamini ulihisi. Lakini nikirusha sarafu mara themanini, nikafuta kila iliyoanguka vibaya, nitabaki na arobaini zilizoanguka vizuri tupu. Mtu akiziona atasema hii sarafu ina siri."

"Mimi sikufanya ujanja."

"Najua. Ulifanya kwa heshima. Ndiyo maana..." Akaishia hapo. Akafungua lile jedwali la safu tatu. "Kuna swali moja bado linaweza kutusaidia. Zile ulizochana, siku ulipozipokea, joto lilikuwaje? Lilikuwa hafifu? Lilikaa mahali pengine? Kama yale ya kweli yalikuwa kitani na yale mengine hariri, basi mwili wako ulikuwa unajua tofauti kabla ya mambo kutokea. Hilo litakuwa jambo kubwa, mama. Kubwa sana."

Alikuwa ameinamia meza, macho yanang'aa. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anataka iwe hivyo.

Nami nilikuwa na jibu. Katika zile thelathini na nane, moja naijua hadi mkunjo wa herufi.

"Sikumbuki," nikasema.

Akaandika: *hakumbuki*. Alikuwa na mwandiko mzuri. Nilikaa pale nikiutazama uongo wangu ukikauka wino, ndipo kinyozi akaingia akiimba, akauliza kama Mungu ameshatosha kwenye kikopo.

*

Hii ndiyo karatasi yenyewe.

Kitinda alizaliwa na kilango kimoja cha moyo kisichofunga sawasawa. Alikua nacho, akacheka nacho, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya tatu. Alipofika miaka ishirini na mitatu midomo ikaanza kugeuka rangi. Daktari akasema lazima afunguliwe kifua, akampa nafasi tarehe kumi na nane. Hakuficha. Alisema wapo wasioamka mezani. Alisema pia kwamba wasiofanyiwa hawafiki mbali. Nafasi hiyo tukiiacha, inayofuata ni baada ya wiki sita.

Tarehe kumi na tano alfajiri nilipiga magoti. Mgeni alikuja kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Joto lilishuka mpaka kwenye viwiko. Nililia kwa furaha, kwa sababu sikuwahi kuwa karibu naye kiasi kile. Na neno lilikuwa hili: *Mtoto atapona. Msiharakishe.*

Nikaandika. Nikatoka nikamkuta mezani anakunywa chai, nikamwambia.

Alinitazama muda mrefu juu ya kikombe. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi tungoje, Mama."

Alipiga simu hospitalini mwenyewe, akawaambia nafasi ile wampe mwingine. Wiki ya nne, Jumapili mchana, alikaa kitandani avae viatu, akafunga kamba za kiatu cha kushoto. Cha kulia nilikikuta bado kiko mkononi mwake.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilichana karatasi ile. Sikulia nilipoichana. Nilijiambia kwamba sikio langu lilikuwa limejaa kutaka, ndiyo maana likakosea, na kwamba Mgeni wa kweli alikuwa amekaa kimya siku ile kwa sababu zake. Wiki moja baadaye alikuja tena, nikamshukuru kwa kurudi. Miaka mitano nimesali hivyo. Sikuwahi kujiuliza swali aliloniuliza binti yule: joto lilikuwaje?

Lilikuwa kitani. Kama yale yote. Lilizidi yale yote.

*

Jumamosi sikumsubiri mwanangu alete mahitaji. Nilikwenda karakana asubuhi. Alikuwa amechuchumaa anaunganisha fremu ya geti, cheche zinaruka. Aliponiona alizima, akasukuma miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Mama? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nina neno. Ukilisikia unaweza usinisamehe, lakini nitalisema."

"Kaa kwanza. Si hapo, patakuunguza. Hapo kwenye kopo la rangi."

Nikakaa, nikamweleza. Daftari, visiki, karatasi ile. Nilipofika kwenye neno lenyewe nikalitamka kwa kunong'ona. Nikamwambia kwamba mdogo wake aliiacha nafasi yake kwa sababu yangu, na kwamba mimi niliuchoma ushahidi jikoni.

Hakushtuka. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Hilo. Alikuja hapa siku ileile. Alikaa hapohapo ulipokaa, alikuwa anahema kwa kule kutembea kutoka kituoni. Akanisimulia. Nikamwambia, wewe twende. Tarehe kumi na nane nakuja na gari la jirani, tunakwenda, Mama tutamwambia ukishaamka. Nikamwambia, unaamini hayo mambo ya Mama? Akacheka. Unamjua alivyokuwa anacheka."

"Akasema anaamini?"

Akakikunja kile kitambaa.

"Baba," nikamwambia, kama nilivyokuwa namwita alipokuwa mdogo, "niambie. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Alisema haamini. Alisema, 'Kaka, nikienda nikaamka, Mama atajua kwamba nilimwona mwongo. Nikienda nisiamke, atajiona yeye ndiye hakunizuia. Hana kitu kingine zaidi ya ile sala yake. Wiki sita tu, nitavumilia.' Ndivyo alivyosema. Halafu akaniapisha nisikwambie."

Geti lile lilikuwa bado linatoa moshi mwembamba pale alipounganisha. Nikalitazama hilo. Mtoto hakungoja kwa kuniamini. Alingoja kwa kunionea huruma.

"Na wewe ukanyamaza miaka mitano," nikasema.

"Nilidhani unajua." Sasa alikuwa analia, mtu mzima, uso mweusi kwa vumbi la chuma, machozi yakichora njia. "Nilidhani unajua kila kitu na unajifanya hujui. Kila ukiniambia Mgeni kaja, nilikuwa nasema moyoni, huyu mama anathubutuje. Ndiyo maana siingii ndani. Kumbe hukujua hata kwamba kuna la kujua."

"Sikujua."

"Mimi nilimwachia, Mama. Ningembeba tu. Alikuwa mwepesi."

Mteja mmoja alichungulia kuulizia geti lake, mwanangu akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba liko tayari Jumatatu. Kisha akanisindikiza hadi nyumbani. Mlangoni alisita, akavua viatu, akaingia. Alikunywa chai, akaosha kikombe, akaondoka.

*

Alhamisi nilifika darasani kabla ya binti. Nilikuwa nimeiandika upya ile karatasi, tarehe ileile, neno lilelile, na chini yake nikaandika tarehe ya kifo. Nilijaribu kukumbuka na zile nyingine thelathini na saba. Nilipata tisa tu. Nyingi zilikuwa ndogo: mvua, safari ya jirani, mhudumu wa hoteli aliyepotelewa na pete. Neno dogo likikosea linasahaulika kirahisi, nami nilikuwa nimeyasahau kwa bidii.

Binti alisoma ile ya Kitinda mara mbili. Aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Itaingia kwenye hesabu?"

Akatikisa kichwa taratibu. "Imeandikwa wiki hii kwa kukumbuka jambo la miaka mitano. Nikiikubali hii, nitalazimika kukubali na za kila mtu. Daftari lote siwezi kulitumia tena kama ushahidi wa maneno kutimia. Nilitaka nikwambie leo, sikujua nianzie wapi."

"Sawa. Lakini lile swali lako la joto, sikukujibu ukweli. Nilikumbuka."

Hakunilaumu. Akafungua jedwali, akasubiri.

"Kitani," nikasema. "Kama yale ya kweli. Miaka thelathini na moja natofautisha joto kwa mgongo wa kiganja, sijawahi kuunguza koti la mtu. Kama tofauti ingekuwepo ningeijua. Haikuwepo."

Alifuta *hakumbuki*, akaandika. Safari hii aliandika polepole.

"Hili naweza kulitumia," akasema. "Ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi."

"Huo ushahidi unasema nini? Kwamba hayupo?"

"Hapana, mama. Hausemi hivyo, na sidhani kama kipimo changu chochote kitawahi kusema hivyo."

"Unasema yupo?"

"Wala. Unasema kwamba wewe, pale unapohisi, huwezi kujua kwa kuhisi peke yake kama neno ni la kweli. Basi. Nilikuwa natumaini unaweza." Akaangalia dirishani. "Nilitumaini sana. Msimamizi wangu chuoni aliniambia nitashika upepo. Mimi nikasema kuna mama mmoja ana daftari."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Nilimwonea huruma kweli, na papo hapo nikaogopa huruma yangu, nilipokumbuka huruma imefanya nini nyumbani kwangu. Sikumwambia neno la kumfariji lisilo la kweli. Nikamwambia tu ashike, tukashikana mpaka wanafunzi wakaanza kuingia.

"Dada," kinyozi akasema alipopita, akaona nyuso zetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumalizia. Akaenda kukaa. Baadaye kidogo alinigusa bega kwa ncha ya rula. "Mama Pasi. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Nilikuwa nauliza tu."

*

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na moja kama kawaida. Kuna watu watadhani nilikuwa nimeacha kusali. Ningeenda wapi? Nilipiga magoti, nikasema maneno yangu, safari hii machache, nikimtaja mtoto kwa jina lake la cheti ambalo sikulitumia alipokuwa hai. Nikaomba radhi. Sikuomba kingine.

Joto likaja. Nyuma ya shingo, mabegani, mikononi. Chumba kikawa na mtu, karibu kabisa, kama alivyokuwa karibu alfajiri ile ya tarehe kumi na tano. Na neno likaja, lenyewe, bila kutafutwa:

*Amekusamehe.*

Nilikaa nalo mpaka miguu ikafa ganzi. Sijawahi kutaka neno lolote liwe la kweli kama nilivyolitaka hilo, na huko kutaka ndiko kulikonitisha. Halina siku litakapojulikana. Halina jirani wala msimamizi wa kuulizwa. Aliyeweza kulithibitisha ndiye aliyekufa na kiatu mkononi.

Mwanga ulipoanza kuingia nilivuta daftari, nikaandika tarehe, nikaandika neno. Chini yake, kwa sababu sasa nimefundishwa kuandika kila kitu na kutochana kitu, nikaandika: *Sijui ni nani aliyesema.*

Kisha nikarudi magotini, maana sala ya asubuhi nilikuwa sijaimaliza.